Jino Hili ni la Papa Yupi?

Kando ya Ghuba ya Chesapeake, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, yapo magenge marefu ya udongo yaitwayo Calvert Cliffs. Mvua na mawimbi huyala kidogo kidogo, na kila kipande kinachomomoka hudondosha ufukweni mabaki ya viumbe waliozikwa katika matope ya bahari kati ya miaka milioni 20 na milioni 8 hivi iliyopita. Familia hufika hapo na ndoo na chekeche, wakapita wameinamia mchanga kuanzia maji yanapokupwa. Wanachokitafuta kuliko vyote ni meno ya papa.

Mengi ni madogo kuliko ukucha. Mara moja moja hujitokeza linalojaza kiganja, na aliyeliokota hupaza sauti: megalodon! Aghalabu huwa amepatia. Lakini huenda jino hilo likawa la mzee wa ukoo aliyeishi kabla ya megalodon, au la papa wa ukoo mwingine kabisa. Tena yapo meno yanayosimama katikati ya majina mawili, ambayo hata mtaalamu hathubutu kuyapa jina mpaka aambiwe yametoka tabaka gani.

Papa huyo mashuhuri, ambaye jina lake la kisayansi ni Otodus megalodon, alikuwa wa mwisho katika ukoo wa papa wa meno makubwa uliodumu zaidi ya miaka milioni 50. Kila kizazi cha ukoo huo kilikuwa na meno yake, na tofauti kati ya kizazi na kizazi huonekana kwa macho, mradi anayetazama ajue pa kutazama.

Kwa nini meno peke yake

Anayemjua papa kwa kumla, awe wa mchuzi au ng'onda wa sokoni, anajua kwamba hana mifupa kama ya changu au nguru. Kiunzi chake ni gegedu, na gegedu huoza. Papa akifa, kinachobaki chini ya bahari ni meno, na mara chache pingili za uti wa mgongo zilizokuwa zimekomaa kwa chokaa. Hakuna mtu aliyewahi kupata kiunzi kizima cha megalodon. Urefu wake, ambao makadirio mengi huuweka kati ya mita 15 na 20, na utafiti wa mwaka 2025 ukausogeza hadi mita 24 hivi, umepigiwa hesabu kutokana na meno na pingili hizo chache.

Kwa upande mwingine meno ni tele. Papa hana meno yaliyopandwa ndani ya taya. Yake yamekaa juu ya gegedu kwa safu, na la mbele likidondoka la nyuma yake husogea kushika nafasi. Mnyama mmoja humwaga maelfu ya meno maishani mwake. Kila jino hufunikwa na tabaka gumu sana, nalo likizama katika mashapo hufyonza madini na kuwa kisukuku.

Madini hayo ndiyo yanayolipa jino rangi, na hapo anayeanza hukosea kwa urahisi. Jino jeusi si la zamani kuliko jeupe, wala la kijivu si la spishi tofauti na la manjano. Meno yanayotoka katika migodi ya fosfeti ya Bone Valley, Florida, huwa ya manjano, ya chungwa, hata ya samawati, ilhali ya spishi hiyohiyo yanayotolewa mitoni huko South Carolina huwa meusi. Rangi hutaja udongo na kumnyamazia papa.

Ndimi za mawe

Wazungu waliyaokota meno haya kwa karne nyingi bila kujua ni meno. Waliyaita ndimi za mawe. Mwandishi wa Kirumi Plinio Mzee aliandika kwamba huanguka kutoka mbinguni wakati wa kupatwa kwa mwezi. Kisiwani Malta watu waliyahusisha na Mtume Paulo na nyoka aliowalaani, na matajiri wa Ulaya waliyavaa au kuyachovya katika vinywaji wakiamini kwamba huondoa sumu.

Mwaka 1666 wavuvi wa karibu na Livorno, Italia, walimkamata papa mkubwa. Mtawala wa Toscana, Ferdinando II wa ukoo wa Medici, aliagiza kichwa kipelekwe Firenze kwa daktari wa Kidenmark aliyeitwa Niels Stensen, anayejulikana zaidi kwa jina la Steno. Alipokipasua na kuyachunguza meno, Steno aliona kwamba yanafanana na ndimi za mawe kwa kila hali, na mwaka uliofuata akachapisha hoja kwamba mawe hayo yalitoka vinywani mwa papa. Hakuwa wa kwanza kusema hivyo. Fabio Colonna alikwisha kulisema mwaka 1616. Steno lakini aliendelea na swali gumu zaidi: jino la papa limefikaje ndani ya mwamba, mlimani? Jibu lake, lililochapishwa mwaka 1669, lilieleza kwamba mashapo hutuama tabaka juu ya tabaka, la chini likiwa la zamani kuliko la juu.

Kwa hiyo mtu huyohuyo aliacha vipimo viwili ambavyo wataalamu wa meno ya papa wanavitumia mpaka leo: umbo la jino, na tabaka lililolihifadhi. Sehemu kubwa ya ubishi juu ya papa wa kale hutokana na kutumia kimoja na kukiacha kingine.

Mahali pa kutazama

Jino la papa lina taji, yaani sehemu inayong'aa iliyokata nyama, na mzizi, sehemu ya kukwaruza isiyong'aa iliyoshikana na ufizi. Lina pande mbili. Upande wa nje, ulioelekea midomo, ni bapa zaidi. Wa ndani, ulioelekea ulimi, umetuna. Ukiligeuza jino la ukoo wa megalodon uone upande wa ndani, kati ya taji na mzizi utakuta ukanda wenye umbo la V iliyofunguka, mara nyingi wenye rangi iliyokoza kuliko taji na usiong'aa kama taji. Hapo ni shingo ya jino. Katika megalodon ukanda huo ni mpana, na haufichiki hata kwenye jino lililovunjika ncha.

Baada ya shingo hufuata makali. Yapo meno yenye makali laini mfululizo, na yapo yenye makali ya msumeno. Kwenye msumeno hutazamwa mambo mawili: vijino vyake ni vidogo au vikubwa, na je, vimepangika sawasawa au vimekwenda shaghalabaghala. Kidole kikipitishwa taratibu kando ya jino la megalodon ambalo halijasagika huhisi mkwaruzo mwembamba, ulio sawa kutoka mzizini hadi nchani.

Alama ya tatu ni vipembe, yaani vichomozo vidogo vilivyosimama pande mbili za taji, pale linapokutana na mzizi. Vikiwapo, ni vikubwa kiasi gani? Vimeachana na taji kwa ufa unaoonekana, au vimeungana nalo kiasi cha kuwa mabega tu? Swali hili la vipembe ndilo lililowagawa wataalamu kuliko jingine lolote.

Ukoo kwa zamu

Wa kwanza ni Otodus obliquus, aliyeishi kati ya miaka milioni 60 na milioni 50 hivi iliyopita. Jino lake ni nene, mzizi wake mzito, makali yake laini kabisa, na kila upande limesimamiwa na kipembe kipana kisichohitaji kutafutwa. Makubwa hukaribia sentimita 10. Machimbo ya fosfeti ya Khouribga, Moroko, yametoa meno ya papa huyu kwa wingi mno hata yanauzwa rejareja katika maduka ya vito na ya zawadi duniani kote. Mtu aliyewahi kushika jino moja tu la papa wa kale, huenda alishika la huyu.

Kisha makali yakaanza kubadilika. Katika meno ya mwanzoni mwa kipindi cha Eosini, yanayopewa jina la Otodus aksuaticus, msumeno umeanza lakini haujatimia. Baadhi ya sehemu za makali bado ni laini. Anayemfuata ni Otodus auriculatus, ambaye msumeno wake umeenea lakini ni mkubwa na hauna mpangilio, na vipembe vyake bado ni vipana na vimejitenga na taji. Jamaa zake wa karibu walikuwapo barani Afrika. Meno ya kundi hili yamepatikana katika eneo la Fayum, Misri, ambalo siku hizi ni jangwa na zama hizo lilikuwa bahari. Humo ndimo lilimo Wadi al-Hitan, Bonde la Nyangumi, lililoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2005 kwa ajili ya mifupa ya nyangumi wa kale.

Kati ya miaka milioni 34 na milioni 23 iliyopita bahari zilikuwa za Otodus angustidens. Kwake msumeno umenyooka na kuwa wa kawaida, taji limepanuka, na vipembe, ingawa bado vinaonekana waziwazi, vimeanza kupungua. Ni miongoni mwa wachache katika ukoo huu ambao meno ya mnyama mmoja yamepatikana pamoja. Mwaka 2015 mpenzi wa visukuku aliyekuwa akitembea ufukweni Jan Juc, katika jimbo la Victoria nchini Australia, aliona jino likichungulia mwambani. Jumba la Makumbusho la Victoria lilipochimba lilitoa zaidi ya meno 40, mengi ya papa mmoja, yenye umri wa miaka milioni 25 hivi, kila moja likiwa na urefu wa sentimita 7 hivi. Katikati yake yalilala meno madogo ya papa wa jamii nyingine, mwenye matundu sita ya matamvua. Watafiti walielewa kilichotokea: papa hao wadogo walikuja kula mzoga, wakaacha meno yao humo. Kama mtu angeyakusanya yote katika mfuko mmoja bila kuyabagua, kisa hicho kingepotea.

Baada yake alikuja Otodus chubutensis, mwanzoni mwa kipindi cha Miosini. Taji lake ni pana kama la megalodon na msumeno wake ni mwembamba vilevile. Vipembe bado vipo lakini vimejibanza kwenye taji. Katika baadhi ya meno ni vigumu kusema kipembe kinaishia wapi na taji linaanzia wapi.

Mwishowe ni megalodon mwenyewe. Jino la papa aliyekomaa wa spishi hii ni pembetatu pana na nene, lenye msumeno mwembamba ulio sawa, ukanda mpana shingoni na mzizi mkubwa. Kipembe hakuna. Mengi yaliyokamilika huwa na sentimita 8 hadi 13. Yanayozidi 15 ni adimu, na yanayozidi 17 huhesabika. Kipimo hicho huchukuliwa kwa mshazari, kutoka nchani hadi pembe ya mzizi iliyo mbali zaidi.

Ukiyapanga meno ya hao sita mezani kwa zamu ya umri, utaona uma ukigeuka kisu. Jino jembamba lenye vipembe hufaa kumchoma na kumzuia samaki anayeteleza. Pembetatu pana yenye msumeno hufaa kukata nyama ya mnyama mkubwa, na mifupa mingi ya nyangumi na pomboo wa Miosini ina alama za meno ya aina hiyo.

Mstari usiochoreka

Meza ya namna hiyo inapendeza, lakini inadanganya kidogo. Inampa mtazamaji picha kwamba chubutensis aliondoka na megalodon akaingia.

Mtafiti Victor Perez na wenzake waliamua kulipima jambo hilo pale Calvert Cliffs, ambapo matabaka yamepangana kwa utaratibu na umri wake unajulikana. Walichagua meno 359 ambayo kila moja kumbukumbu zake zilionyesha limetoka sehemu gani ya magenge. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa mwaka 2018. Katika matabaka yenye umri wa miaka milioni 20 hadi 17, meno yenye vipembe yalikuwa asilimia 87. Kufikia miaka milioni 14.5 iliyopita yalikuwa asilimia 33 hivi. Kufikia miaka milioni 7.6 iliyopita halikuonekana hata moja.

Maana yake ni kwamba kwa mamilioni ya miaka, meno yenye vipembe na yasiyo navyo yalizama pamoja katika matope yaleyale. Vipembe havikutoweka kwa mkupuo. Vilipungua idadi, huku vilivyobaki vikizidi kufifia. Aliyeokota jino lenye kipembe hafifu katika tabaka la katikati hana haki ya kusema kwa uhakika ni la chubutensis, wala aliyeokota lisilo nacho hawezi kuapa kwamba papa aliyelidondosha alikuwa wa spishi tofauti na jirani yake. Perez na wenzake waliona ni sawa kuwachukulia hao wawili kama hatua mbili za mnyama mmoja aliyekuwa akibadilika, na mpaka kati yao kama alama iliyowekwa na wanadamu ili kazi iende.

Umri wa papa mwenyewe huongeza utata. Watoto wa megalodon walikuwa na vipembe ambavyo waliokomaa hawakuwa navyo. Hivyo jino la sentimita 3 lenye vipembe huenda likawa la mtoto wa megalodon, ingawa kwa alama hiyo peke yake lingepelekwa kwa mababu zake. Huko Panama, katika miamba ya Gatún yenye umri wa miaka milioni 10 hivi, watafiti walipata meno mengi madogo kiasi cha kuchapisha, mwaka 2010, hoja kwamba bahari hiyo ya kina kifupi ilikuwa mahali pa kukulia watoto. Wasingefika huko kama wangeridhika kuyaita meno hayo ya spishi ndogo.

Na mdomo mmoja hauna jino la aina moja. Meno ya mbele husimama wima na pande zake mbili hukaribia kulingana. Ya ubavuni huinama kuelekea pembe ya mdomo. Ya nyuma kabisa ni mafupi na mapana. Ya taya la juu ni mapana na bapa zaidi, ya chini membamba na manene. Mkusanyaji asiyelijua hilo anaweza kuyagawa meno ya papa mmoja katika spishi tatu, na katika karne ya 19 wasomi walifanya hivyohivyo: vitabu vyao vimejaa majina ya papa ambao baadaye iligundulika ni jino la mbele na jino la nyuma la mnyama yuleyule.

Mweupe asiye ndugu

Msomi wa Uswisi Louis Agassiz alipompa megalodon jina miaka ya 1830 na 1840, alimweka katika jenasi Carcharodon, pamoja na papa mweupe mkubwa anayeishi mpaka leo. Sababu yake ilionekana nzuri: wote wawili wana meno ya pembetatu yenye msumeno. Kwa zaidi ya karne moja vitabu vingi vilimchora megalodon kama papa mweupe aliyekuzwa.

Hata hivyo meno yao yakiwekwa pamoja yanaachana. Tuchukue mawili yenye urefu wa sentimita 5, moja la papa mweupe na moja la megalodon mchanga. La papa mweupe ni jembamba na bapa, mzizi wake ni kama kibao, na msumeno wake ni wa vijino vikubwa visivyolingana. Shingoni hakuna ukanda. La megalodon ni nene, lina ukanda, na msumeno wake ni laini zaidi ingawa jino lenyewe ni la ukubwa uleule.

Asili ya papa mweupe ilitafutwa kwingine, kwa papa aitwaye Carcharodon hastalis, ambaye jino lake linafanana na la papa mweupe kwa kila kitu isipokuwa msumeno: makali yake ni laini. Kiungo kati yao kilitoka katika jangwa la kusini mwa Peru, kwenye miamba ya Pisco. Huko lilipatikana taya la papa lenye meno 222, pamoja na pingili 45, jambo la nadra mno. Makali ya meno hayo yana msumeno dhaifu, kana kwamba umeanza kuchongwa jana. Dana Ehret na wenzake walimwelezea mnyama huyo mwaka 2012 na kumwita Carcharodon hubbelli, kwa heshima ya Gordon Hubbell, mkusanyaji aliyelikabidhi taya hilo kwa Jumba la Historia ya Asili la Florida. Walipima upya umri wa tabaka na kukuta ni miaka milioni 6.5 hivi, zaidi ya ilivyodhaniwa awali. Papa mweupe akawa amepata mzee wake, na mzee huyo hakuwa megalodon. Msumeno ulizuka mara mbili, katika koo mbili, kwa sababu kazi ya kukata nyama ilikuwa ileile.

Megalodon alihamishwa jenasi zaidi ya mara moja. Wapo waliomwita Carcharocles, jenasi iliyoundwa mwaka 1923, kwa kuwatenga wenye msumeno na wale wa makali laini. Siku hizi wengi humwita Otodus, kwa hoja kwamba haifai kuukata ukoo mmoja vipande viwili kwa sababu ya msumeno ulioota polepole. Utafiti wa Calvert wa mwaka 2018 ulitumia Carcharocles. Machapisho mengi ya baada yake yametumia Otodus. Kwa hiyo anayekuta majina mawili tofauti kwenye kibandiko cha makumbusho na cha duka asidhani ni papa wawili.

Jino lililoshonwa

Palipo na wanunuzi hapakosi wajanja. Meno ya Moroko huuzwa sana, na baadhi yake huwa yametengenezwa: taji la jino moja limegundishwa kwenye mzizi wa jingine, au mzizi uliovunjika umejaziwa mchanga uliochanganywa na gundi, kisha kipande cha mwamba kikaachwa makusudi ili lionekane limetoka ardhini jana. Kwenye meno ya megalodon hila ya kawaida ni kupaka rangi sehemu ya ukanda iliyobanduka na kuchonga upya msumeno uliosagika.

Kioo cha kukuzia hufichua mengi. Mzizi wa kweli una vitundu na mishipa midogo ilimopita damu. Uliojaziwa una chembe za mchanga zilizoelea katika gundi. Msumeno wa asili umefunikwa na tabaka linaloendelea bila kukatika kutoka kwenye taji, wakati uliochongwa huonyesha mikato iliyopenya hadi sehemu ya ndani isiyong'aa. Na jino ambalo vipembe vyake viwili vimeegemea upande mmoja ilhali taji limeegemea mwingine linastahili kutiliwa shaka.

Kwa mtafiti, hata hivyo, jino la bandia si hasara kubwa kuliko jino halisi lisilo na kumbukumbu. La kwanza hutupwa. La pili huingia kabatini na kuendelea kupotosha.

Tarehe iliyohamishwa

Mfano mkubwa wa upotoshaji huo ni suala la lini megalodon alitoweka. Katika miaka ya 1870 meli ya utafiti ya Uingereza, HMS Challenger, ilizoa meno yake kutoka sakafu ya bahari ya Pasifiki, yakiwa yamegandwa na manganizi. Mwaka 1959 mwanasayansi mmoja aliupima unene wa manganizi hayo, akakisia kasi ya kuganda kwake, na kutangaza kwamba moja lilikuwa na miaka 24,000 na jingine 11,000. Baadaye ilionekana kwamba manganizi huganda kwa kasi zisizolingana, na hesabu hiyo ikaachwa. Lakini filamu na vitabu vya kubuni vinavyodai megalodon yu hai vilindini bado vinaikumbuka.

Makadirio yaliyofuata, ya mwaka 2014, yaliweka mwisho wake kwenye miaka milioni 2.6 iliyopita. Mwaka 2019 Robert Boessenecker na wenzake waliyarudia meno ya California na Baja California, moja baada ya jingine, wakiuliza kila moja lilitoka tabaka gani na nani alilithibitisha. Waliyaondoa yaliyokuwa yameandikiwa mahali pasipo hakika. Waliyaondoa pia yaliyokuwa yamebanduka kutoka tabaka la zamani na kuzikwa tena katika jipya, ambayo hujulikana kwa kingo zilizosagika na mizizi iliyolika. Yaliyobaki hayakuvuka miaka milioni 3.6 hivi iliyopita.

Miaka milioni moja iliyopunguzwa ilibadilisha orodha ya washukiwa. Maelezo yaliyomhusisha megalodon na vifo vya wanyama wengine wa baharini vya miaka milioni 2.6 iliyopita, pamoja na dhana ya mlipuko wa nyota uliodhaniwa kutokea wakati huo, yalipoteza nguvu, kwa kuwa papa huyo alikuwa ameshaondoka zamani. Kilichosogea karibu ni kuenea kwa papa mweupe, ambaye kufikia miaka milioni 4 iliyopita alikuwa ametapakaa katika bahari za dunia, na ambaye watafiti hao wanadhani alishindana na megalodon wachanga kwa mawindo yaleyale. Ushahidi wa nani alifika lini katika bahari ipi unategemea meno ya hao wawili, yaliyobainishwa kwa ukanda, unene na msumeno, na yaliyoandikiwa tabaka lake siku yalipookotwa.